Karini wa Dirisha la Saba

Kwa jina la Mola aliyemfinyanga mtu kwa udongo na kumwumba jini kwa ulimi wa moto, tunaanza. Kisa hiki kilitoka kinywani mwa mwalimu wa Kurani aliyekishuhudia kwa macho yake. Dada zake wakakipokea, kikafika hapa bila kutiwa chumvi.

Mpwa wake alikuwa mpimaji wa programu, kazi aliyoachiwa na mumewe, marehemu wa miezi mitano. Ndani ya kompyuta moja kubwa mlikuwa na mashine pepe kumi na mbili, yaani kompyuta zisizo na mwili, kila moja ikionekana kama dirisha kwenye skrini. Humo roboti isiyo na mkono ilijaza fomu, ikaandika jina la mteja wa kubuni, ikabonyeza vitufe, ili ijulikane kama programu ni nzima. Jaribio likiisha, mashine ilirudishwa kwenye nakala ya hali yake ya mwanzo, aliyoihifadhi marehemu, nayo ikasahau yote.

Asubuhi moja, katika dirisha la saba, mshale ulikifikia kitufe cha kuthibitisha, ukasita, ukakizunguka mara mbili, kisha ukabonyeza.

Mpimaji aliingiwa na baridi. Roboti haizunguki. Aliyezunguka hivyo kila kitufe, hata cha lifti, alikuwa mumewe.

"Dada, njoo uone," alimwita mwenzake wa meza ya pili.

"Nione nini? Mshale una kizunguzungu, kama mimi kabla ya chai."

Kesho yake, penye jina la mteja, pakaandikwa: *Bibie, ushakula?*

Hakuna aliyemwita hivyo ila mumewe. Kwenye matundu ya feni ikatoka harufu ya mafuta ya karafuu, aliyokuwa akipaka jino lake bovu. Badala ya kukimbia, mjane aliandika: *Bado.*

*Kula basi. Usijitese.*

Jaribio likaisha, mashine ikasahau, na baada ya dakika nne swali likaja upya. Alilijibu mara sitini siku ile, akilia na kutabasamu, asimwambie mtu.

Wiki ya tatu, mashine ilisahau lakini kilichomo hakikusahau. *Mlete binti yetu*, kiliandika, na feni zikavuta pumzi na kuishusha kama kifua cha mgonjwa, na harufu ikamfuata ngazini, na barabarani, na hadi sebuleni kwake, ambako alimkuta bintiye wa miaka sita amesimama mbele ya swichi ya taa, kidole kikiizunguka mara mbili kabla ya kuigusa.

"Nani kakufundisha?"

"Baba. Ananishika mkono."

Ndipo alipomwendea mjomba wake, yule mwalimu. Mzee alifika ofisini adhuhuri, akavua viatu, akaketi.

"Mjomba, ni yeye," alinong'ona.

"Maiti hawarudi, mwanangu. Kila mtu ana karini, jini wa kufuatana naye. Huyu amemsoma mumeo tangu utotoni. Sasa anatafuta pa kukaa, na amemchagua mtoto."

"Nikiifuta ile nakala ya marehemu anamokaa, sitamsikia tena."

"Hutamsikia. Sikudanganyi."

Mzee akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Madirisha yote yakatetemeka, na katika la saba herufi zikatoka moja moja:

*Najua mimi si yeye. Nilikaa naye miaka thelathini na minane. Wewe umepewa pole na mtaa mzima. Mimi hakuna aliyenipa.*

Mjane alishika mdomo. Duniani kote walikuwa wawili tu waliomjua mtu yule kwa jino lake na kwa mzaha wake, na mmoja wao ndiye huyu.

"Usikawie," mjomba alisema. "Mtoto!"

*Pole*, mjane aliandika. Kabla jibu halijatimia, akaifuta nakala.

Feni zikanyamaza. Harufu ikakatika kama uzi.

"Alhamdulillahi," mzee alisema. "Umemwokoa mwanao."

"Najua, mjomba." Akalaza kichwa mezani. "Lakini leo ndiyo nimefiwa."

Enyi mliosikiliza, Mola awalinde watoto wenu, awarehemu wafu wenu, na kila afiwaye miongoni mwenu asikose wa kumpa pole.