Makofi Ndani ya Nguzo

Nguzo ya wodi ya wazazi ilianza kunuka zege bichi, ilhali ilimwagwa mwaka jana. Vestina, mfagiaji wa zahanati ile nje kidogo ya Kasulu, aliisikia harufu kabla ya wote, akaendelea kufagia. Siku nguzo ilipomwagwa ndiyo siku mumewe, fundi Niyitegeka, alipopotea. Watu walisema ana mwanamke ng'ambo, Burundi. Vestina wa watu akawa anasema moyoni, bora awe humo ndani kuliko awe kwa mwenzangu. Mungu amsamehe, uchungu humwombesha mtu mambo ya ajabu.

Kisha wajawazito wakasikia makofi yakipigwa ndani ya nguzo, wakaihama wodi. Akaitwa Asmahani, binti wa mjini anayepima zege bila kulibomoa.

Alipaka grisi pande mbili za nguzo, akabana hapo vipima-sauti vya mashine yake. "Sauti inaingilia huku, inatokea kule," alimweleza Vestina. "Ikichelewa, kuna uwazi."

"Uwazi wa kumtosha mtu?"

Asmahani alimtazama, akaelewa. Akapima toka chini hadi juu, akarudia, na kila mahali sauti ilipita bila kuchelewa.

"Zege limeshikana, dada. Hamna mtu humu. Pole."

Vestina akakaa sakafuni. "Basi ameniacha," alisema. "Ameniacha kweli."

Na alipokuwa akilia hivyo harufu ya zege bichi ikazidi mpaka ikawakaba koo, na kutoka ndani ya nguzo ile isiyo na hata tundu la kupita sindano yakaja makofi ya taratibu, ya viganja vyenye majimaji, kama Waha wanavyoamkiana asubuhi, kisha sauti ya Niyitegeka, ya chini, ya upole: "Mwakeye, Vestina."

Asmahani alirudi nyuma hadi ukutani. "Huyo si mumeo," alinong'ona. "Ni jini. Limekusikia unavyomtamani. Namleta mjomba wangu, Shehe Mudathiri, alisomee dua, liondoke leo hii."

"Usimlete."

"Litakumaliza, dada."

"Najua si yeye. Mashine yako imeshaniambia." Vestina alijifuta machozi kwa kanga. "Ila yeye mwenyewe hata salamu hajaniletea."

Akaigeukia nguzo, akainamisha kichwa, akaanza kupiga makofi kuitikia.