Mama, Ongea na Edda

Katarina na mume wake Dominiko walikuwa wapangaji Nangara, Babati mjini. Walikaa chumba kimoja na mtoto wao Edda. Dominiko alipakia magunia kwenye malori. Katarina alichagua maharage ya mfanyabiashara mmoja. Kila asubuhi aliletewa gunia. Aliyamwaga kwenye turubai uani, akaondoa mawe na maharage yaliyooza.

Edda alikaa pembeni yake. Alikuwa na miaka minne na nusu, mtulivu mno. Akitaka kitu, alionyesha kwa kidole. Maneno yake yalihesabika: maji, uji, baba, hapana.

"Mama Edda, huyu wako ni bubu au?" alisema jirani yao, Mama Kindness, akianua nguo. "Kindness wangu ana miaka mitatu, ananisengenya mpaka kwa baba yake!"

Katarina alicheka, lakini moyoni hakucheka. Mwezi wa kwanza Edda alitakiwa kuanza darasa la awali. Mtoto asiyeongea atasoma nini?

"Tumwache tu," alisema Dominiko. "Ataanza darasa la kwanza moja kwa moja. Huko awali si wanaimba tu?"

Nyumba ya pili alikaa Noela, mwalimu wa watoto wadogo. Siku moja ya likizo alikuja uani, akaketi juu ya ndoo, akaanza kusaidia kuchagua maharage. Alikuwa anatazama. Kwa muda mrefu alimsikia Katarina akimwambia mtoto maneno matatu tu. "Kaa." "Acha." "Usimwage."

Mara simu ikaita. Alikuwa mama yake Katarina, kutoka Dareda. Katarina akaongea Kiiraqw, lugha ya kwao, akacheka, akarusha mikono. Edda aliinua kichwa. Alimtazama mama yake mdomoni bila kupepesa macho.

Simu ilipokatika, Noela akasema, "Kumbe wewe ni mwongeaji hivyo! Mbona mtoto humwongeleshi?"

"Namwongelesha Kiswahili. Kiiraqw tunaongea mimi na baba yake tu. Mimi nilianza shule sijui Kiswahili hata kidogo. Walinicheka, wakaniita mshamba. Sitaki Edda achekwe."

"Na Kiswahili chako kinatosha kumsimulia hadithi?"

Katarina aliinama. "Cha kununulia chumvi kinatosha."

"Basi ndiyo maana amebaki na maneno machache, dada. Hukufanya kwa ubaya. Wazazi wengi hapa mjini wanafanya hivyo. Lakini mtoto hujifunza kuongea kwa kuongeleshwa. Mwongeleshe kwa lugha uliyoshiba. Akiijua vizuri moja, ya pili haitamsumbua. Kiswahili atakipata kwa wenzake. Ila kwanza mpeleke hospitali apimwe masikio, tujue kama anasikia vizuri."

"Sasa nitamwambia nini siku nzima?"

"Si haya maharage! Mwulize lipi kubwa, lipi dogo. Atenge mekundu na ya njano. Ahesabu matano. Awali tunafanya hivyo hivyo. Wanaimba na kucheza, ndiyo. Humo humo wanajifunza kusikiliza, kuuliza na kukaa na wenzao. Mtoto asiyepita hapo, darasa la kwanza humlemea."

Hospitali walisema masikio ni mazima. Katarina akaanza kumwongelesha Edda Kiiraqw. Mwanzoni aliona aibu.

"Jamani, leo Mama Edda anaongea na maharage!" Mama Kindness alimtania.

"Maharage hayanisengenyi," alijibu Katarina, akaendelea.

Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili. Edda alitenga maharage vizuri, lakini kimya. Katarina akachoka. Alitaka kuacha.

Wiki ya tatu alikuwa anamsimulia, kwa Kiiraqw, jinsi sungura alivyomdanganya fisi. Kuku akapanda kwenye turubai. Katarina akainuka kumfukuza. Aliporudi alishika ungo, akasahau hadithi.

Edda akamvuta khanga. "Halafu?" aliuliza kwa Kiiraqw.

Ungo ulimponyoka Katarina. Maharage yakatapakaa uani.

"Halafu fisi akafanya nini?" Edda aliuliza tena.

Katarina alimaliza hadithi huku machozi yanamtoka. Kisha akairudia mara nne, maana Edda hakukubali iishe.

Tangu hapo Dominiko naye, akirudi kazini, alimsimulia mtoto habari za malori aliyopakia. Edda alicheza na Kindness kila siku, na Kiswahili kikaja kwa kasi. Wakagombana kwa Kiswahili, wakapatana kwa Kiswahili.

Mwezi wa kwanza Dominiko mwenyewe alikwenda kumwandikisha darasa la awali, shule ya msingi ya karibu. Siku ya kwanza Katarina ndiye aliyempeleka. Watoto wengine walilia. Katarina akasimama mlangoni, hataki kuondoka.

Edda alikuwa ameshakaa kwenye mkeka na wenzake. Akageuka.

"Mama, wewe nenda," alisema. "Nikirudi nitakusimulia yote."