Namba Ambayo Kija Hakuisoma

Kila siku akitoka shule, Kija alipitia mahali baba yake alipokuwa akifanya kazi, kisha wakarudi nyumbani Mkolani pamoja. Baba yake, Mzee Nkwabi, alikuwa fundi umeme. Macho yake yalikuwa yamepungua nguvu, kwa hiyo Kija, mwanafunzi wa darasa la sita, ndiye aliyemsomea maandishi madogo kwenye mashine. Mafundi wengine walimwita karani wa Nkwabi, naye jina hilo lilimfurahisha.

Mwaka 1996 Mama Amondi alifungua chumba cha baridi kule Igoma. Yeye na wanawake wenzake watano walitaka kuhifadhi humo sangara na sato wao. Mota ya mashine ya kupoza ilikuwa ya umeme wa njia tatu, lakini jengo lilikuwa na njia moja tu. Siku hizo vifaa vya nje vilikuwa vimeanza kujaa madukani, naye akanunua kifaa cha kuiendesha mota hiyo kwa njia moja na kuongeza au kupunguza mwendo wake.

"Kija, soma kibao cha mota, kisha kibao cha kile kifaa," baba alimwambia. "Nataka ampea zinazoingia. Hizo ndizo zitaniambia waya uwe mnene kiasi gani."

Kibao cha mota kilisema kumi. Kibao cha kifaa kilikuwa ubavuni, kimeelekea ukutani. Ilibidi apande juu ya kreti na kuchungulia. Nje, watoto wenzake walikuwa wakimwita wakacheze rede. Kija akafikiri kwamba kifaa kinaendesha mota hiyo hiyo, kwa hiyo namba haiwezi kuwa tofauti.

"Zote kumi, baba."

"Umekiona kibao chenyewe?"

"Nimekiona."

Mzee Nkwabi akaongeza robo juu ya hizo kumi, kama alivyozoea kwa mota zinazozunguka kutwa, akachagua waya wa milimita moja na nusu.

Siku tatu chumba kilipoa vizuri. Jumapili, walipotoka kanisani, walimkuta Mama Amondi akiwasubiri mlangoni pa nyumba yao.

"Shikamoo, mama," Kija alisema.

"Marahaba," alijibu bila kumtazama. "Mzee Nkwabi, twende ukaone."

Harufu ya plastiki iliyoungua ilisikika tangu barabarani. Waya ulikuwa umeyeyuka ndani ya bomba lake. Fyuzi kuu haikukatika, kwa sababu iliwekwa kwa ajili ya jengo zima. Samaki walikuwa wameharibika, na wanawake walikuwa wakichimba shimo la kuwafukia. Mmoja wao, Wilhelmina, alikuwa ameketi chini, mikono mapajani. Samaki wengi walikuwa wake.

Watu walipokuwa shimoni, Kija alipanda kreti na kuchungulia. Kibao kilisema ishirini na mbili. Kwa kuwa kifaa kilivuta umeme wa njia moja kulisha mota ya njia tatu, kilihitaji zaidi ya mara mbili ya ampea za mota. Alishuka taratibu. Hakusema kitu.

Wiki ile baba yake hakuitwa kazini popote. Jioni alikaa akipiga hesabu ile ile kwenye karatasi. Alhamisi, Kija alimkuta akimkabidhi fundi kijana, Chenge, koleo na bisibisi zake.

"Chukua tu," alikuwa akisema. "Miaka ishirini nachagua waya, sijawahi kuunguza nyumba ya mtu. Sasa akili imechoka."

Kija alisimama mbele yao.

"Baba, akili yako haijachoka," alisema. "Sikukisoma kile kibao. Nilikudanganya."

Chenge aliviweka vyombo mezani, akaaga. Mzee Nkwabi alimgeukia Kija.

"Ulijua tangu Jumapili?"

"Ndiyo, baba."

"Siku nne umeniacha nijione mjinga."

Kesho yake walikwenda kwa Mama Amondi. Kija alisema yote mwenyewe, akilia. Mama Amondi alimsikiliza hadi mwisho.

"Nilishawaambia watu wasimpe baba yako kazi," alisema. "Nitapita kwao tena niwaambie ukweli. Lakini Wilhelmina ameacha biashara, alipanda meli jana kurudi Ukerewe. Angesikia haya kabla ya kuondoka, angalau angejua kwamba ni kosa la mtu, si mkosi wake."

Jumamosi Mzee Nkwabi aliweka waya wa milimita nne, na fyuzi inayoufaa. Mashine ilipoanza kuzunguka, aliushika waya. Haukuwa na joto.

"Mimi pia nina kosa," alimwambia Kija. "Nilipaswa kuhakikisha. Lakini sikiliza, mwanangu. Kama ungesema 'sijasoma', ningesubiri. Kama ungesema Jumapili, Wilhelmina angesikia. Usilolijua sema hulijui, na ukikosea sema mapema. Ukweli uliochelewa unasaidia, ila hauwafikii wote."

Usiku huo Kija alimwandikia Wilhelmina barua. Aliituma Ukerewe kwa meli ya Jumatatu. Jibu halikuja.