Pedali ya Kujaribu

Taa ilikuwa inawaka. Ndogo, nyekundu, ikichungulia kwenye upenyo wa kabati mchana kweupe. Kishindo alifungua mlango, akainama. Pedali ya gitaa ilikuwa pale pale alipoificha, chini ya makoti ya zamani. Haikuwa na waya wala betri. Betri yenyewe alikuwa ameishika mkononi.

Akaibonyeza. Taa ikazima. Akafunga kabati, na kabla hajaachia kitasa, ikawaka tena.

"Unatafuta nini humo?" mkewe aliuliza kutoka sebuleni, mguu wake ukiendelea kukanyaga cherehani.

"Soksi."

Ulikuwa uongo wa kwanza siku hiyo, na haukuwa wa mwisho.

Jina alilopewa na wazazi watu walikwishalisahau. Wote walimwita Kishindo, kwa ajili ya gitaa la besi alilopiga katika bendi iliyokodiwa kwenye harusi. Alikuwa mpole, mwenye vidole virefu, na ugonjwa mmoja tu: hakuwahi kutosheka na sauti yake. Mwaka uliopita mkewe alishona sare za kwaya nzima mpaka vidole vikavimba, na alichopata chote akakimalizia kwenye zawadi moja. Ilikuwa mashine ya sauti, kitu bapa chenye vitufe na kioo kidogo, ambacho mpiga gitaa hukiweka sakafuni na kukikanyaga ili sauti ibadilike. Ndani yake mlikuwa na sauti mia. Kulikuwa na ya ngurumo, ya filimbi, ya chuma, hata ya mapovu. Mke hakujua vitufe vile vina kazi gani. Alijua tu kwamba mumewe alikuwa akiitazama ya mwenzake kwa macho ya njaa.

Kisha Kishindo akaiona pedali ile kwenye duka la vyombo vilivyotumika. Ilikuwa na sauti moja tu na kifungo kimoja. Lakini alipopiga uzi wa chini kabisa, sauti ilitoka nene na ya moto, ikaingia nyayoni, ikapanda magotini, naye akasahau alichofuata pale.

"Una kisima uani, halafu unataka kununua maji ya chupa?" mpiga ngoma wa bendi alimwambia. "Sauti hiyo imo kwenye mashine yako. Geuza kitufe tu."

"Imo, lakini si yenyewe."

"Basi wewe una masikio ya popo."

Akarudi dukani mara kadhaa, moyo nusu huku nusu kule. Muuza duka, mtu mwembamba asiyepaza sauti, akamuuliza, "Kwani sasa hivi unatumia nini?"

Hapo ndipo Kishindo, kwa kutaka aonekane mjuzi, alipofungua mdomo.

"Nina takataka moja, aliniletea mke wangu. Yule anajua vitambaa, hajui sauti." Alipoona muuza duka hacheki, akaongeza kwamba mpiga ngoma wao naye anapiga kama anafukuza kuku. Halafu, akiwa ameegemea meza, pedali ikiwa chini ya kiwiko chake, akasema jambo la tatu, kuhusu nyumba yake, kwa kunong'ona, huku akicheka peke yake.

"Chukua ukajaribu," muuza duka akasema. "Ila ukifika nayo, amua. Nunua au rudisha. Usiiache ikae kwako haijijui ni ya nani."

Kishindo akadhani ni maneno ya biashara.

Siku zilizofuata, kabati lilianza kutoa harufu ya udongo mbichi, kama shimo lililochimbwa muda huo huo. Mkewe akatoa nguo zote, akazianika, akazirudisha, na harufu ikabaki. Gitaa lililotundikwa ukutani likawa linavuma lenyewe mchana watu wakipumzika, uzi mmoja tu, ule wa chini. Siku moja, Kishindo akiwa peke yake chumbani, mvumo ule ukajikunja ukawa neno.

"Umeamua?"

Alitoka nje, akakaa juani mpaka jasho likamtoka, na bado mikono ilikuwa ya baridi.

Mtu mwingine angerudisha kitu cha watu siku ile ile. Lakini kesho yake kulikuwa na mazoezi, naye alitaka kuisikia mara moja tu kwenye spika kubwa. Akaipeleka ukumbini ndani ya mfuko wa viatu.

Besi ilitoka kama pumzi ya mnyama mkubwa aliyeshiba. Mwimbaji aligeuka mwenyewe kumtazama. Hata wafagiaji waliacha mifagio wakatikisa mabega. Wimbo ukaisha, wote wakapumua, na katika ukimya ule spika ikakohoa, halafu ikasema, kwa sauti ya Kishindo mwenyewe, wazi kabisa, ila chini yake kulikuwa na sauti nyingine iliyokuwa ikitafuna:

"Anapiga kama anafukuza kuku."

Watu wakacheka. Mpiga ngoma naye alianza kucheka, kisha akaona macho ya Kishindo yalivyokimbilia sakafuni.

"Ni mimi huyo?"

"Ni redio, ndugu yangu. Waya huu hunasa redio."

"Redio yenye sauti yako."

Mpiga ngoma aliweka fimbo zake kwenye mfuko taratibu, akafunga zipu, akaondoka bila kuaga. Kishindo alibaki amesimama, masikio yakimwaka. Alijua walioko nyuma yake wote wanajiuliza wao wamesemwa nini.

Alitoka pale moja kwa moja hadi dukani. "Nimeamua. Siinunui."

Muuza duka aliipokea, akaipima kiganjani, akainusa. "Imekuwa nyepesi," alisema. "Nyumbani una chombo kingine cha namna hii?"

"Ninacho. Ile mashine niliyokwambia."

Muuza duka akaiweka pedali juu ya rafu, akageuka akaanza kufuta kioo cha meza kilichokuwa kisafi tayari. Hakumtazama tena.

Jioni ile, mkewe akiwa amepeleka nguo kwa mteja, Kishindo aliitoa mashine aliyoidharau, akaifuta vumbi kwa shati lake, akaiunganisha kama mtu anayeomba radhi. Kioo chake hakikuonyesha jina la sauti yoyote. Harufu ya udongo mbichi ikajaa sebule.

"Kule nilikuwa na chumba kimoja," spika ikasema kwa sauti yake. "Hapa pana mia."

Alichomoa waya wa umeme, lakini sauti haikukoma, ikahamia kwenye filimbi ikacheka, ikahamia kwenye chuma ikasaga meno, ikazunguka kutoka chumba hadi chumba kama mpangaji mpya anayefungua milango, na kila ilikoingia ilirudia mwanzo wa lile jambo la tatu, "Chumba changu, chumba changu," ikipanda kidogo kila mara, naye akakumbuka kwamba nyuma ya ukuta ule, hatua chache tu, alikuwa amelala mama wa mkewe, aliyeletwa kwao tangu miguu ilipomwishia nguvu, akachukua mto akaukandamiza kwenye spika, akachukua wa pili, mwisho akajilaza juu yake kwa kifua na tumbo, akihisi maneno yakimgonga mbavuni kutoka chini yakitafuta pa kutokea.

"Mwanangu," mama mkwe aliita kutoka chumbani, "unaongea na nani?"

"Na... na simu, mama."

Mlango ukafunguka. Mkewe alisimama na kifurushi cha vitambaa kichwani, akamtazama mumewe alivyokumbatia spika. Na sauti ile, kana kwamba ilikuwa ikimngoja, ikasema, "Takataka aliyoniletea mke wangu. Anajua vitambaa, hajui sauti."

Mke alishusha kifurushi. Alikishusha polepole sana.

"Hiyo ni sauti yako."

"Ni jini, mke wangu! Nakuapia, ni jini!"

"Naona ni jini. Maneno ni ya nani?"

Kishindo akashuka kwenye spika, akaanza kuokota mito.

Asubuhi alikuja mganga, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, aliyeingia akavua viatu na kuomba kigoda kabla ya salamu kuisha. Aliweka bakuli la maji juu ya mashine. Maji yakaanza kutetemeka.

"Mganga wa kufukiza moshi angewachoma macho bure," alisema. "Huyu hula maneno yaliyofichwa. Mwenye maneno ayatoe mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya aliyemsema. Yeye akibaki na njaa, atahama."

Mpiga ngoma akaitwa. Alikuja amenuna, akasimama mlangoni. Kishindo akasema yote, la kuku na mengine ambayo hata jini hajayataja. Filimbi zikakatika ndani ya spika. Akamgeukia mkewe akasema la takataka, na la kabati, na la soksi. Mke alisikiliza akiwa anachomoa pini kwenye mto wa pini na kuzirudisha, moja moja. Chuma kikanyamaza. Mapovu yakapasuka. Kimoja baada ya kingine, vyumba vikawa vitupu.

Lakini maji bado yalitetemeka.

"Kimebaki kimoja," mganga akasema. "Nawe unakijua."

Ndipo wakasikia mkongojo ukigonga sakafu. Mama mkwe alikuwa ametoka mwenyewe, ameshika ukuta, akaketi kwenye kiti cha cherehani huku akihema.

"Mama, rudi ukapumzike," Kishindo alisema. "Haya hayakuhusu."

"Chumba changu," spika ikaanza, taratibu, ikionja. "Chumba changu cha mazoezi..."

"Mwanangu," mama alisema, "sema wewe. Nisilisikie kutoka kwake."

Kishindo alipiga magoti. Alitazama sakafu, vipande vya uzi vilivyotapakaa, miguu ya mama iliyovimba ndani ya kandambili.

"Nilisema," alianza, "nilimwambia yule wa dukani... chumba changu cha mazoezi amekilalia mama mkwe. Nikasema nasubiri tu siku tutakayomtoa amefunikwa shuka, nirudishe spika zangu. Nikacheka, mama. Nilicheka."

Kitu kikapasuka ndani ya mashine kama mfupa. Upepo wenye harufu ya shimo ulipita katikati yao, ukainua nguo zilizokatwa mezani, ukabamiza mlango, na huko nje mbwa wa jirani wote wakalia kwa pamoja. Maji katika bakuli yakatulia tuli.

Hakuna aliyesema "ametoka." Mpiga ngoma alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu aliyekuta watu uchi. Mke aliweka mto wa pini chini, akamshika mama yake mkono, akamrudisha chumbani. Hakumtazama mumewe alipompita.

Bendi ilimpokea tena, maana harusi hazingoji. Mpiga ngoma alimsalimia, "Habari," basi. Nyumbani mke alimwekea chakula na kumwambia kimewekwa. Kishindo hakununua pedali, na mashine hakuthubutu kuigusa tena. Gitaa alilipigia nje, nyuma ya nyumba, bila umeme, kimya kimya kama mwizi.

Siku moja alasiri akasikia dirisha likigongwa kwa ndani.

"Unapiga nini huko ambacho hakisikiki?" mama mkwe aliuliza. "Leta spika yako humu."

"Mama, siwezi."

"Kwa nini? Nimekufa?"

Alicheka yeye mwenyewe, kicheko kifupi kilichoishia kwenye kikohozi. Kishindo aliingia na spika, kisha na gitaa, akachomeka waya. Hapakuwa na kiti. Mama alivuta miguu yake, mmoja kisha mwingine, kwa mikono miwili, mpaka nafasi ikapatikana pembeni mwa kitanda.

"Kaa."

Aliketi akiwa amempa mgongo, akiukabili ukuta, akapiga. Sebuleni cherehani ilisimama, kisha ikaendelea.

"Ongeza sauti, mwanangu," mama alisema nyuma yake. "Na unigeukie."

Aliongeza sauti. Kugeuka hakuweza.