Ngazi ya Mama Mkwe na Matundu Mawili

Fundi Cheche huchomelea vyuma. Karakana yake ni uwanja mdogo mbele ya nyumba. Hapo pana meza ya chuma, jiriwa ya kubania vyuma, grainda ya kukatia na mashine ya kuchomelea. Jina la Cheche alipewa na wateja, na mwenyewe analipenda.

Mashine ina nyaya mbili nene. Waya mmoja una kishikio cha rodi, kijiti cha chuma kinachoyeyuka na kuunganisha. Wa pili una kibano cha kubana chuma kinachochomelewa. Kila jioni Cheche huzichomoa nyaya hizo, huzikunja na kuzificha chini ya kochi, maana wezi wa shaba hawalali. Asubuhi huzichomeka tena. Mashine ina matundu mawili, na yeye huchomeka waya wowote kwenye tundu lolote. Kisha huanza kazi huku akipiga mluzi.

Alifanya hivyo miaka kumi na miwili bila shida. Kisha mashine yake ya zamani, nzito kama jiwe, ikafa. Akanunua mpya, ndogo, ya kubeba begani. Alitembea nayo mtaani kama aliyepata mtoto.

Mwezi huo alikuwa na kazi iliyomkaa moyoni. Mama mkwe wake aliishi peke yake, ng'ambo ya mji, na afya yake haikuwa nzuri. Mkewe Cheche alitaka mama ahamie kwao, kwenye chumba kipya cha juu. Chumba kilikuwa tayari. Ilibaki ngazi ya nje, ya chuma.

"Mama amekubali kwa shida," mkewe alisema. "Usije ukafanya jambo akabadili mawazo."

"Mimi? Mama atapanda ngazi hiyo kama malkia."

Cheche aliijenga kwa siku nne. Ilikuwa na vipandio kumi na viwili. Akaipaka rangi ya kijani, akasimama mbali kuitazama. Aliridhika kabisa.

Kesho yake mkewe alipanda na beseni la nguo. Alipokanyaga kipandio cha sita, kikaachia upande mmoja. Mguu ukateleza. Bahati nzuri alidaka bomba la pembeni. Beseni lilianguka, na goti likachubuka.

Cheche alikuja mbio. "Pole, mke wangu! Pole! Hizi rodi bila shaka zimeingia unyevu. Au umeme ulikuwa mdogo. Au beseni lilikuwa zito..."

"Beseni la nguo?" mkewe alimkatiza. "Kesho utasema ni soksi!"

Habari zikamfikia mama mkwe kabla ya jua kuzama. Akapiga simu.

"Mwanangu, nabaki kwangu," alimwambia binti yake. "Mwambie mkwe asijisumbue tena."

Mkewe Cheche aliingia ndani, akalia. Cheche alisikia kila kitu. Aliona aibu mpaka chakula kikamshinda.

Asubuhi alikuja shemeji yake, mdogo wa mkewe. Dada huyu hufanya kazi kwenye kiwanda cha trela. Kazi yake ni kuchomelea vyuma vinavyobeba tani na tani.

"Shemeji," alisema, "ulitaka kumvunja dada yangu ili uoe mwingine?"

"Leo utani weka pembeni, shemeji. Nimeharibu."

Shemeji akachukua patasi na kukwangua rangi kwenye kipandio cha sita. Akainama kutazama.

"Ona hapa. Chuma cha rodi kimelala juu tu, kama dawa ya meno juu ya mswaki. Hakikuzama ndani." Akakwangua cha saba. "Lakini hiki kimezama vizuri. Ulivichomelea siku moja?"

"Hapana. Cha sita Jumanne, cha saba Jumatano."

"Nini kilibadilika?"

"Hakuna. Rodi zile zile, moto wa mashine ule ule, fundi yule yule."

"Na nyaya?"

"Nyaya hulala ndani. Asubuhi nachomeka."

"Kwenye tundu lipi?"

Cheche alikuna kichwa. "Lililo karibu na mkono."

Shemeji alicheka mpaka akakaa chini.

"Basi tumempata mchawi," alisema. "Mashine yako ya zamani ilitoa umeme wa AC. Umeme huo hugeuka, huenda na kurudi, mara nyingi sana kwa sekunde moja. Kwa hiyo ukibadilisha matundu, hakuna tofauti. Hii mpya inatoa umeme wa DC. Huo huenda upande mmoja tu. Hebu tazama matundu. Unaona nini?"

Cheche akafuta vumbi kwa kidole. Tundu moja lilikuwa na alama ya kujumlisha, +. La pili lilikuwa na alama ya kutoa, −.

"Nilidhani ni mapambo," alisema kwa sauti ndogo.

"Rodi ikiwa kwenye kujumlisha, moto huchimba. Chuma huyeyuka kwenda ndani, na vipande viwili vinashikana kweli. Rodi ikiwa kwenye kutoa, rodi yenyewe huyeyuka haraka na kujaa juu. Haizami sana. Umeme wa AC uko katikati ya hali hizo mbili."

"Maneno matamu. Nionyeshe."

"Lete vyuma vinne vinene."

Shemeji alivaa glavu na kofia ya kuchomelea. Alichomelea vipande viwili, rodi ikiwa kwenye kutoa. Kisha akazima mashine, akabadilisha nyaya, akawasha tena. Akachomelea vipande viwili vingine, rodi ikiwa kwenye kujumlisha. Rodi zilitoka boksi moja, na kipimo cha moto hakukibadilisha. Vilipopoa, Cheche akabana vya kwanza kwenye jiriwa na kuvipiga nyundo. Pigo la tatu vikaachana. Akabana vya pili. Akapiga mara tatu, mara kumi, mara ishirini. Chuma kilipinda, lakini kiungo hakikuachia.

Cheche akatua nyundo. "Kumbe tundu la kutoa ni adui!"

"Si adui. Bati jembamba ukilichomelea rodi ikiwa kwenye kujumlisha, huwa linakuwaje?"

"Linatoboka! Wiki iliyopita nilitoboa mlango wa kabati mara nne. Nikalitukana bati bure."

"Sasa umeelewa. Bati jembamba, rodi kwenye kutoa. Chuma kinene, rodi kwenye kujumlisha, na moto uutoshe unene wake. Na usome boksi, shemeji. Rodi zako hizi zinakubali pande zote mbili. Nyingine hukubali kujumlisha tu."

Cheche aliitazama ngazi. "Nikate vipandio vya Jumanne tu?"

"Siku nyingine ulichomekaje?"

"Sikumbuki."

Cheche aliangalia rangi yake mpya ya kijani. Ilimuuma. Kisha akachukua grainda na kukata vipandio vyote kumi na viwili.

Alizungushia utepe mwekundu waya wa rodi, asiuchanganye na mwingine. Mkewe akaandika ubaoni, juu ya mashine: "CHUMA KINENE, RODI KWENYE +. BATI JEMBAMBA, RODI KWENYE −. JARIBU KIPANDE KWANZA." Kila asubuhi alimsomea mumewe kwa sauti, kama mwalimu. Kila asubuhi Cheche alichomelea kipande cha majaribio na kukipiga nyundo, ndipo akagusa ngazi.

Ilipokwisha, yeye mwenyewe alimpigia mama mkwe simu.

"Shikamoo, mama. Kosa lilikuwa langu. Nilichomeka nyaya bila kutazama. Sasa nimejifunza, na ngazi nimeichomelea upya vipandio vyote. Naomba uje uione."

"Marahaba. Nitakuja kuona tu," mama alijibu. "Sihamii."

Alikuja Jumamosi na gari la kukodi. "Usiende," alimwambia dereva. "Sikawii."

Cheche alipanda ngazi na mfuko wa saruji begani, akashuka. Shemeji alirukaruka kwenye kila kipandio. Mama mkwe alitazama, mkoba kifuani.

"Kilichoachia ni kipi?" aliuliza.

"Cha sita, mama," Cheche alijibu.

Mama akashika bomba la pembeni. Akapanda polepole mpaka cha sita, akasimama hapo. Akakipiga kwa kisigino mara moja, mara mbili. Mkewe Cheche aliziba mdomo kwa mkono. Mama akaendelea kupanda, cha saba, cha nane, mpaka juu. Akaingia chumbani. Wakasikia dirisha likifunguliwa.

"Mkwe!" mama aliita, kichwa kikiwa nje. "Yule dereva ameondoka?"

"Yupo, mama. Anakusubiri akurudishe."

"Mwambie asinisubiri. Aende akalete kitanda changu."