Vidonge vya Bibi Bachubai

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Sheetal alimpelekea bibi yake, Bachubai, maji ya kumezea dawa. Bibi alikuwa na saratani kwenye utando wa ndani wa kibofu cha mkojo, ila iligunduliwa mapema kabla haijaota mizizi. Daktari Justa alimweleza kwamba vidonge hivyo bado vinajaribiwa, naye akakubali kuwa miongoni mwa wagonjwa wa kwanza kuvitumia.

Siku moja Mzee Nkwabi, fundi cherehani aliyeshonea barazani kwao Buzuruga, alimwita Sheetal pembeni.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mimi nami nakojoa damu, kama bibi yako kabla hajatibiwa. Nitolee vidonge kidogo."

"Si uende hospitali?"

"Naona aibu. Tena usimwambie mtu."

Sheetal alimhurumia. Alichota vidonge kwenye kopo, akampa. Tangu hapo hakutulia. Darasani mwalimu alimwita asisikie. Akirudi nyumbani, alikimbilia kwanza kuchungulia barazani. Jioni moja alimkuta Mzee Nkwabi amejiinamia, anatapika, macho yamemlegea.

Kesho yake ilikuwa siku ya kliniki, na Sheetal alimsindikiza bibi yake. Daktari alihesabu vidonge vilivyobaki, akakunja uso. "Bibi, umemeza kupita kiasi? Kama ndivyo, itabidi nikuondoe kwenye majaribio."

"Haki ya Mungu, nameza kama ulivyoniagiza!" Bibi alisema.

Sheetal aliinuka, akaketi, akainuka tena. "Ni mimi, daktari," alisema huku akilia. "Nilimpa Mzee Nkwabi. Sasa anaumwa sana."

Daktari hakumgombeza. Alipiga simu nyumbani kwa kina Sheetal, na mzee akaletwa kwa bajaji. Walipompima, hakuwa na saratani kabisa. Alikuwa na kichocho, alichokipata kwenye majaruba yake ya mpunga kule Kisesa, na dawa yake inajulikana tangu zamani. Alitibiwa, akapona. Bibi naye aliruhusiwa kuendelea na vidonge vyake.

Kliniki iliyofuata, daktari alimketisha Sheetal karibu naye.

"Dawa inayojaribiwa bado tunaiuliza maswali," alisema. "Ungenyamaza, ingetupa majibu ya uongo, na uongo huo wangekuja kuumeza wagonjwa wengine. Huruma yako ni njema, mwanangu. Lakini mgonjwa hahurumiwi kwa kufichwa. Anahurumiwa kwa kufikishwa hospitali."