Fundo la Upande wa Kushoto

Maiti ya Émérence ilikuwa imelala mkekani, katika chumba alichokuwa amepanga nyuma ya kambi ya reli, Kalemie. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, mwaka 1983. Marehemu alikuwa fundi cherehani wa miaka ishirini. Damu ilikuwa imepenya mkeka na kukauka sakafuni.

Daktari aliinuka, akavua glavu.

"Mimba imetolewa. Ya miezi mitatu hivi. Ametokwa damu mpaka mwisho."

Inspekta Sangwa wa upelelezi alichuchumaa kando ya mkeka. Alikuwa amekodolea macho kitambaa kilichofungwa tumboni mwa marehemu: kipande cha gunia jeupe la unga, kimefuliwa kikatakata, fundo limekaa upande wa kushoto na ncha zimechomekwa ndani mara mbili. Fundo hilo alilijua.

"Shefu, tuanzie wapi?" aliuliza Omer, msaidizi wake.

"Kwa Mama Pélagie. Ng'ambo ya mto Lukuga."

Omer alishangaa. Walikuwa hawajahoji hata jirani mmoja. "Umejua namna gani?"

"Kazi," Sangwa alimkata.

Omer akajisemea kwamba shefu wake ni mtu hodari. Mji mzima ulisema hivyo. Mwezi uliopita tu, kwenye mkutano wa mtaa, Sangwa alisimama akataka watoa mimba wafungwe miaka yote kumi na mitano inayoruhusiwa na sheria, bila huruma. Akapigiwa makofi. Sasa makofi yale yalimrudia masikioni, na uso ukawaka kwa haya.

Mama Pélagie, mkunga mzaliwa wa Kirungu aliyezeekea Kalemie, walimkuta anaanika samaki wadogo wa ndagala. Hakukimbia. Alinawa mikono, akajifunga kilemba, akapanda jeep bila kuuliza kitu.

Walipofika bironi, ofisini kwao, Sangwa alimtuma Omer hospitali kuchukua ripoti ya daktari. Kisha akashika kalamu mwenyewe, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

"Kitambaa hiki ni chako?"

"Ni changu."

"Émérence alikuja lini?"

"Ijumaa. Nikamukatalia. Kesho yake, siku ya posho, akarudi, nikamukatalia tena."

"Na Jumapili?"

"Jumapili nikakubali."

"Sababu?"

Mama Pélagie alimtazama bila hasira, na hilo lilimuuma zaidi.

"Miaka mbili nilikuwa niliisha kuacha hii kazi, Papa Hippolyte."

Jina la ubatizo. Tangu serikali ipige marufuku majina hayo, Sangwa aliitwa hivyo nyumbani tu, na watu waliomjua kwa ndani.

"Nilimuambia sheria inakataza," mama akaendelea. "Akaniuliza: 'Sheria ya nani? Denise wa inspekta ulimutoa mimba, na baba yake njo alimuleta. Mimi sina baba mwenye cheo, basi nibebe tu?' Walisoma pamoja, Denise alimuelezea yote. Nikakosa la kujibu. Niliona haya kumufukuza."

Kalamu ilisimama.

"Na Denise alilia. Alitaka kuzaa. Wewe ulimushika mikono, ukaniona nikifunga lile fundo. Huyu hakutaka kuzaa, kwake unasema jela. Mwenye tumbo anaulizwa siku gani?"

Sangwa aliinamia karatasi, akaandika mbiombio.

Omer aliporudi, ilibaki kusoma pevé, yaani yale maelezo yaliyoandikwa kwa Kifaransa. Ndivyo kazi ilivyotaka: yasomwe kwa Kiswahili mbele ya shahidi, mtuhumiwa asikie maneno yake kabla ya kutia kidole. Sangwa alisoma. Kitambaa. Siku tatu. Damu. Akafika mwisho.

"Nakiri kwamba nilifanya mara hii moja tu, kwa kumhurumia."

Mama Pélagie alirudisha kidole kabla hakijagusa wino.

"Soma tena pale."

Akasoma.

"Nilisema mimba mbili."

Omer akainua kichwa.

"Jina silitaji," mama akasema. "Ile si yangu kuitoa. Lakini nilisema mbili. Kidole changu sikiweki juu ya uongo."

Sangwa angeweza kusema bibi amechanganyikiwa. Kazi yake ingesalimika, na Denise asingeguswa na mtu. Omer angeamini, maana Omer aliamini kila alichoambiwa naye. Hilo ndilo lililomshinda.

Alisimama, akampisha Omer kitini, akampa kalamu. Yeye akaenda kukaa kwenye benchi, kando ya Mama Pélagie.

"Andika pevé mupya," akasema. "Sangwa Hippolyte, inspekta. Miaka mbili iliyopita nilipeleka binti yangu kutolewa mimba. Yeye alikataa. Mimi njo nilimulazimisha. Yeye hana kosa, uandike hivyo vilevile."

Omer alitaka kuweka kalamu chini. Lakini kazi alifundishwa na huyuhuyu aliyekaa mbele yake, na swali linalofuata alilijua.

"Sababu?" akauliza, macho chini.

Kitambaa kilikuwa mezani, fundo lake bado halijafunguliwa. Sangwa alilitazama.

"Niliona haya ya watu."

Omer aliandika. Kisha, kama alivyofundishwa, akamsomea yote kwa sauti, neno kwa neno, Mama Pélagie akiwa shahidi.

"Ni maneno yako?"

"Ni yangu," akasema Sangwa, akanyoosha kidole kwenye wino.